Ruta Ndani ya Kabati la Mama

Nyumbani kwetu Lemara, Arusha, kila kitu chenye waya kilikuwa na nguo yake. Televisheni ilivaa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya njano pembeni. Redio ilivaa cha bluu. Feni, ambayo tuliiwasha kwa nadra kwa sababu upepo wa Meru ulitutosha, ilivaa gauni zima kama bibi harusi aliyesahauliwa kanisani. Rimoti ilikaa ndani ya nailoni yake ya kiwandani, na ukitaka kubadilisha chaneli ulibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Vitambaa vyote alivifuma Mama, jioni baada ya jioni, miguu juu ya stuli, midomo ikihesabu matundu bila sauti. Alikuwa na imani moja kuhusu mashine: kinachoziua si umri wala umeme, ni vumbi.

Na vumbi tulikuwa nalo. Njia ya mtaa wetu ilikuwa ya udongo, na wakati wa kiangazi kila gari lililopita liliinua pazia jekundu lililobaki hewani kidogo, kama linafikiri, kisha likaingia ndani kwetu bila kupiga hodi.

Ruta, kisanduku cha kusambaza intaneti, ililetwa nyumbani na mtoto mchanga. Kaka yangu alikuwa amekwenda kufanya kazi nchi ya baridi, akamchukua na mkewe, binti wa mtaa wa Kijenge, na sasa walikuwa wamepata mtoto wao wa kwanza, wa kike. Ubatizo ulipangwa Jumapili. Jina, kwa utaratibu wa ukoo wetu, lilikuwa mikononi mwa Bibi, mama yake Baba, aliyeishi Poli, huko juu kwenye miteremko ya Meru, katikati ya migomba yake. Ndiye aliyempa kaka jina, na mimi pia, na wajukuu wote. Na alikuwa na sharti ambalo hakuna aliyewahi kulilegeza: hampi mtu jina kabla hajamwona uso.

"Hata mbuzi anaangaliwa kwanza," alimwambia Baba kwenye simu. "Nitampaje jina mtu ambaye sijui kama amefanana na sisi au na hao wa Kijenge?"

"Mama, mtoto yuko mbali. Ni kupanda ndege mpaka ndege."

"Basi apande."

Kaka akatuma ujumbe. "Tupige simu ya video Jumamosi alasiri, Bibi amwone mtoto, atoe jina, nami nimpelekee mchungaji jioni hiyo hiyo. Ikishindikana, mke wangu ana jina la akiba. Amelipata kwenye tamthilia."

Baba aliusoma ujumbe ule, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akausoma tena. Jina la tamthilia halikuondoka. Akanigeukia.

"Wewe umesoma," akasema. "Shughulikia."

Nilikuwa nimesoma, ndiyo. Nilikuwa nimesoma fasihi. Ningeweza kukuambia kwa nini mshairi amekata mstari pale alipoukata. Lakini nyumbani kwetu kusoma kulikuwa kusoma tu. Aliyemaliza chuo kikuu alitarajiwa kuandika barua ya kanisa, kutambua dawa kwa rangi yake, na kufufua pasi iliyoungua.

Nikashuka mjini. Ilikuwa miaka ambayo maduka ya Arusha yalikuwa yameacha kushangaa. Baba alikumbuka foleni za sabuni na sukari, na alizisimulia kama watu wengine wanavyosimulia vita. Mimi nilikulia kwenye soko lililofunguliwa milango yote, nikaona vitu vikiingia kwa zamu: mitumba, televisheni za rangi, simu za mkononi, na sasa intaneti, ikiuzwa kaunta moja na betri za tochi. Mwenye duka nililoingia alikuwa mzee wa Kihindi ambaye baba yake aliuza kanga ndani ya chumba hicho hicho, na yeye akauza redio, na sasa aliuza hewa, kama alivyopenda kusema mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unataka ruta ya waya au ya laini?"

"Ipi ni rahisi kwa mtu ambaye hajawahi?"

"Huyo mtu ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Akacheka mpaka miwani ikateremka puani. "Ya laini basi. Laini ya simu unaiingiza humu ubavuni. Unachomeka umeme. Taa nyekundu, haijapata mnara. Taa ya bluu, imepata. Paswedi imeandikwa chini, hapa tumboni. Ila nisikilize." Akakiinua kile kisanduku cheupe juu ya kichwa chake. "Iweke juu, iweke wazi, karibu na dirisha. Hii ni kama taa. Huwezi kufungia taa kabatini halafu ukataka kusoma gazeti."

"Na vumbi?" niliuliza, kwa niaba ya Mama.

"Vumbi si rafiki," akakiri.

Nilipofika nyumbani, Mama aliuliza jambo moja tu. "Mzee amesemaje kuhusu vumbi?"

"Amesema si rafiki. Ila amesema pia ikae wazi, dirishani, kama taa."

Mama akatikisa kichwa kwa ridhaa ya mtu aliyegundua kwamba ana mwenzake mjini. Hayo ya dirisha sijui kama yalimfikia. Alikuwa ameshashika uzi, na midomo ilikuwa inahesabu.

Ijumaa hiyo niliketi sebuleni na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kutisha upande wa pili. Ilikuwa na picha ya familia inayocheka bila sababu. Nikachomoa laini yangu ya simu, ile niliyokuwa nimeijaza bando la mwezi, nikaiingiza ubavuni mwa ruta, nikaiweka kwenye ukingo wa dirisha na kuchomeka umeme. Taa nyekundu. Baba akajongea. Mama akasimama mlangoni na sindano yake. Taa ikapepesa, ikazimika, ikatafakari, halafu ikawa bluu; bluu safi, kama anga ya mlimani asubuhi wingu likishajiondokea.

"Imeshika!" Baba akapiga makofi.

Nikawaelekeza hatua kwa hatua, maana nami nilikuwa nikijielekeza. Simu inatafuta waifai, linatokea jina refu la herufi na namba, unaligusa, unaandika paswedi ya tumboni. Kisha unafungua ukurasa wa ruta yenyewe kwa namba zenye nukta nukta, na humo unaweza kubadilisha jina la mtandao ukaweka lako.

"Andika MBWA MKALI," Baba akasema papo hapo.

"Baba, hatuna mbwa."

"Getini wanajua hatuna. Kwenye simu hawana uhakika."

Tukaandika MBWA MKALI. Mama akachagua paswedi, nayo siitaji hapa kwa kuwa tunaitumia mpaka leo. Usiku ule nililala nikiwa fundi.

Jumamosi Bibi alishushwa getini na pikapu ya ndizi, yeye mbele na dereva, mkungu wake nyuma peke yake kama mheshimiwa. Alivaa gauni la kanisani na kilemba kipya. Nilimkimbilia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Mume wetu hakulishi?" Mume wetu alikuwa marehemu babu, na utani huo hakuuacha hata msibani. "Huyo mtoto yuko wapi?"

"Atakuja kwenye simu, Bibi. Alasiri."

"Simu ndogo hivyo atakaaje?"

Mama alikuwa ameshaondoka kwenda soko la Kwa Mrombo kutafuta nyama ya mtori, supu yetu ya ndizi, maana mtoto hapewi jina watu wakiwa na njaa. Nikamkaribisha Bibi sebuleni, nikamchemshia chai, nikamletea kwenye kikombe cha plastiki cha kila siku. Akakitazama kikombe, kisha akatazama kabati.

Kabati la Mama linahitaji maneno yake. Lilisimama ukuta wa mbali kabisa na dirisha, refu kumpita Baba, milango ya vioo mbele, na nyuma ya kila rafu kioo cha kujitazamia, ili vikombe vionekane mara mbili ya idadi yake. Humo mlikaa vyombo vya wageni: seti ya chai yenye ukingo wa dhahabu, masinia ya kung'aa, hotipoti tatu zilizopandana, chupa ya chai yenye waridi. Lilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikaa kwenye pochi ya Mama, na pochi ilikaa kwa Mama. Wageni wa kuvitumia vyombo vile hawakuwahi kufika. Walikuja wachungaji, wakaja wakwe wa Kijenge, wote wakaonekana hawajafikia kiwango.

"Vile vikombe bado vinasubiri?" Bibi akauliza.

"Bado, Bibi."

"Vitanizika."

Muda ulipofika nikampigia kaka kwa video. Simu ikazunguka. Ikazunguka zaidi. Ikaniambia hakuna mtandao. Nikatoka uani, nikatazama mlima. Ulikuwa umejifunika wingu mpaka mabegani, na mimi, msomi wa fasihi, nikaulaumu mlima. Baba akalaumu mabati mapya ya jirani. Bibi akalaumu Kijenge.

Ndipo nikatazama dirishani. Ukingo ulikuwa mtupu, umefutwa, unang'aa.

Nikafuata waya kwa macho. Ulitoka kwenye soketi, ukapita chini ya kochi, ukapanda nyuma ya kabati, ukaingia kwenye tundu ambalo fundi seremala aliliacha kwa ajili ya televisheni ambayo haikuwahi kuenea humo. Na kule ndani, rafu ya katikati, kati ya hotipoti na sinia, ilikaa ruta yangu. Imerudishwa ndani ya nailoni yake. Juu ya nailoni, kitambaa kipya cha waridi, kimefumwa usiku mmoja. Kupitia matundu ya kitambaa taa ilionekana ikipepesa, nyekundu, nyekundu, kama jicho la mtu aliyelia.

"Mama yako ameipa heshima," Baba akasema polepole.

Nikavuta mlango. Umefungwa. Tukampigia Mama, simu yake ikaita chumbani, chini ya mto, ilikokuwa ikichaji. Bando langu lote lilikuwa kwenye laini iliyokuwa ndani ya ruta iliyokuwa ndani ya kabati. Simu ya Baba, kama ya Mama, ilikuwa ya tochi, isiyo na intaneti, na hiyo hiyo ndiyo ikalia sasa. Alikuwa kaka.

"Mbona hampatikani? Mchungaji ananisubiri. Bibi aniambie tu jina kwa sauti, yaishe."

Baba akampa Bibi simu. Bibi akaishika mbali na sikio, kama inayochoma.

"Mume wangu, hujambo?"

"Shikamoo, Bibi. Nitajie jina basi."

"Sijamwona."

"Bibi, jioni hii nisipopeleka jina litaandikwa lile la mke wangu."

"La nani?"

"La kwenye tamthilia."

Bibi akasema kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake, "Basi liandikwe hilo. Mimi siwezi kumwita mtu gizani." Akamrudishia Baba simu, akaanza kukaza kilemba chake kama anayejiandaa kuondoka.

Nilimwona pale jinsi alivyokuwa mdogo ndani ya gauni lile. Alikuwa ameshuka kutoka Poli na mkungu mzima kwa ajili ya uso mmoja.

"Vunja kioo, Baba," nikasema.

"Nivunje kabati la mama yako?" Baba alizaliwa mlimani, alikuwa amefanya kazi kiwandani, alikuwa ameona kiwanda kikiuzwa na mashine zikibebwa mchana kweupe, na hakuna kati ya hayo lililomfundisha ujasiri wa aina hiyo. Akaleta bisibisi, akaikagua milango: bawaba zilikuwa kwa ndani. Akairudisha mfukoni.

Nikakumbuka mzee wa dukani na taa yake. Taa iko ndani ya kabati. Kabati nyuma lina vioo vya kujitazamia na pembeni lina masinia. Upande ulio wazi ni mmoja tu, mbele.

"Tuligeuze kabati," nikasema. "Kama ruta haiwezi kwenda dirishani, liende kabati."

Baba akashika kona moja, mimi nyingine. Kabati likakataa. Bibi akavua viatu vya kanisani, akaweka kiuno chake cha miaka mingi ya kubeba majani ya ng'ombe, akasema neno moja la Kimeru ambalo Baba alikataa kunitafsiria, na kabati likatembea. Vikombe vikalia vyote kwa pamoja, chiri-chiri-chiri, kama kwaya ya watoto iliyoshtuliwa. "Taratibu, taratibu," Baba alikuwa akinong'ona, na sijui alikuwa akiviambia vikombe au akimwambia Mama kule Kwa Mrombo. Tukalizungusha, tukalisukuma, mpaka milango yake ikatazamana na dirisha, ikabaki nafasi ya kutosha kigoda kimoja.

Chini ya kitambaa, jicho jekundu likafumba. Likafumbua bluu.

Bibi akaketi kwenye kigoda, mgongo dirishani, vikombe vya dhahabu usoni pake. Nikaegemeza simu yangu kwenye kioo cha kabati, nikapiga. Kaka akatokea, pua kwanza.

"Bibi! Nauona na mlima nyuma yako! Umejifunika!"

"Achana na mlima. Mlete."

Picha ikayumba, ikapita dari, pazia, mkono, kisha ikatulia juu ya kifurushi cheupe. Katikati ya kifurushi kulikuwa na uso. Ulikuwa umekunjamana, umefungua kinywa kwa mwayo mkubwa, na jicho moja limefunguka kututazama. Na hapo hapo picha ikaganda. Ruta, nadhani, ilikuwa imechemka ndani ya nailoni yake. Nilitaka kusema kitu, Baba akanishika mkono.

Bibi hakujua kwamba picha imeganda. Alimwona mtoto aliyetulia.

"Ana adabu," akasema. "Tazama anavyoninyamazia." Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Alimtazama paji la uso, akashuka kwenye nyusi, akakaa sana kwenye kidevu. Mtoto asiyeganda asingempa nafasi hiyo; angelia, angegeuka. "Masikio ni ya Kijenge," akatangaza. "Lakini hiki kidevu nakijua. Nimekiona kwenye maji ya mto nikiwa msichana."

Kisha akafanya kama wafanyavyo wazee wa kwetu kumbariki mtoto: akatema mate kidogo, laini kama ukungu, juu ya uso ule, yaani juu ya simu yangu. Akataja jina.

Lilikuwa jina fupi la Kimeru, na sikuwahi kulisikia. Nilimtazama Baba nikaona ameduwaa. Ndipo nikaelewa. Kwangu alikuwa Bibi. Kwa Baba alikuwa Mama. Poli nzima walimwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, Mama Fulani. Maisha yangu yote sikuwa nimejiuliza kama kabla yetu alikuwa na jina lake mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Mama, na kikapu cha nyama, na vumbi la Kwa Mrombo mpaka magotini.

"Kabati langu limekwenda wapi?"

Mama akaona kigoda, akaona Bibi bila viatu, akaona uso mdogo ulioloa mate kwenye simu. Kikapu kikashuka chenyewe. Akatoa ufunguo kwenye pochi, akafungua mlango mmoja wa kioo kwa uangalifu ili simu isianguke, akaiondoa ruta, akaivua kitambaa, akaichana nailoni kwa meno. Akaipandisha juu kabisa ya kabati, uchi, mbele ya vumbi lote la Lemara.

Simu ikaamka. Mtoto akamaliza mwayo wake.

"Halo? Halo?" alikuwa akisema kaka. "Bibi, uliganda! Umesema jina? Sijasikia kitu!"

"Nimeshasema," Bibi akajibu.

"Rudia, Bibi."

"Jina natoa mara moja. Nikirudia nitakuwa naita kuku."

Nilifungua mdomo nimsaidie kaka. Bibi akainua kidole. "Si wewe, mke mwenzangu. Babu wa mtoto ni huyu hapa. Amesikia. Aseme yeye."

Baba akamtazama mama yake kama anayeombwa amtukane. Mtoto wa kwetu hamwiti mzazi kwa jina lake, hata akiwa na mvi. Akakohoa. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Akakaribia simu, akarudi nyuma, akakaribia tena.

"Mama, nisamehe," akasema.

"Sema, mwanangu."

Akalisema, polepole, kama anayeshusha yai mezani. Kule ng'ambo kaka akalirudia, na mkewe akalirudia, sauti ikitoka mbali, ikiijaribu kila silabi. "Zuri," tukamsikia binti wa Kijenge akisema. "Fupi. Linaandikika."

Bibi akacheka, akapangusa macho kwa ncha ya kilemba.

Mama alikuwa bado amesimama mbele ya kabati lililo wazi. Akanyoosha mkono rafu ya juu, akatoa kikombe kimoja chenye ukingo wa dhahabu, akakipuliza, ingawa hakikuwa na vumbi hata chembe, akakijaza chai na kumpelekea Bibi kwa mikono miwili.

"Kumbe vinashika chai," Bibi akasema.

Kabati lilirudi ukutani kesho yake, likitembea kwa hiari zaidi. Ruta ilirudi dirishani. Kitambaa cha waridi Mama hakukifumua. Alikitandika chini yake, na kila asubuhi huifuta kwa kanga kavu akiipa pole. Mtoto sasa anaongea, na anapenda kupiga simu bila kuangalia saa za watu. Uso wake ukitokea tu, sote tunamwita kwa jina lake, tunalipigia kelele, tumelizoea. Baba peke yake hajalizoea. Hufunga kwanza kifungo cha shati, ndipo ainamie simu.

"Hujambo, Mama," humwambia.